Safu ya Mrithi

Mama Dumuzi hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida, na juma lile kiti chake kilikuwa kama kimeota miiba. Anaandika mstari mmoja, anainuka. Anavuta droo ya kabati, anaangalia kama vidonge vya naftalini vya kufukuzia wadudu havijaisha, anairudisha, anakaa, anaandika nusu mstari, anainuka tena. Jina la Mama Dumuzi alipewa na wanafunzi miaka mingi iliyopita, kwa sababu angeweza kuzungumza saa mbili mfululizo, bila kutazama karatasi, juu ya dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa gunia la vumbi. Alikuwa mkuu wa Idara ya Wadudu katika chuo kikuu cha umma, na alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Kilichomnyima raha ni fomu namba nne. Chuo kilikuwa kinaandika mpango wake wa miaka ishirini na mitano: kitafundisha nini, kitatafiti nini, na nani atazifanya kazi hizo wakati waliopo leo watakapokuwa wanatembelea mkongojo au wameshazikwa. Fomu ilikuwa na safu nyingi za kujaza, lakini iliyouma ilikuwa ya mwisho, safu ya mrithi. Kila idara itaje, kwa kila somo lake kuu, mtu atakayelishika mwaka wa tano, wa kumi na tano na wa ishirini na tano. Idara itakayoiacha tupu haitapokea wanafunzi wapya, na masomo yake yataunganishwa na Kilimo cha Jumla, maana yake yatapelekwa kufa polepole mahali pasipo na kelele.

Na kanuni hiyo aliitunga nani? Yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia, mtaalamu wa kuvu alifariki ghafla, akaondoka na ujuzi wa miaka arobaini kichwani, na makopo yake mia mbili yakabaki rafuni bila mtu wa kusema ndani mna nini. Kwenye kamati ya mipango Mama Dumuzi alisimama akiwa amefura, akasema idara isiyojua nani atafuata haistahili kupewa watoto wa watu iwafundishe. Alipigiwa makofi mpaka akaona haya, na kanuni ikapita siku hiyohiyo. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakujiuliza, kwake nani atafuata.

Kwake walikuwa watatu: yeye, mwenzake wa somo la mbu ambaye angestaafu kabla yake, na mhadhiri msaidizi mmoja. Kisha kulikuwa na chumba cha makabati. Wadudu elfu sitini, kila mmoja na pini yake na kikaratasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa alikamatwa wapi, lini na nani. Chumba hicho kikikosa mtu wa kukijali kwa misimu miwili ya mvua, wadudu hai huingia na kuwala waliokufa, zikabaki pini na vikaratasi tu. Mama Dumuzi alishawahi kuiona droo ya namna hiyo, na kila alipoikumbuka aliinuka kwenda kukagua droo zake.

Mhadhiri msaidizi huyo alikuwa binti wa mdogo wake. Nyumbani walimwita Kibiriti, kwa sababu tangu ana miaka sita hakutoka nje bila kibiriti kitupu mfukoni, na ndani ya kibiriti lazima pawe na kitu kinachotembea. Mama yake, muuguzi, mtu anayeshika sindano bila kupepesa jicho, alikuwa akipiga yowe kila siku ya kufua nguo. Sasa Kibiriti alikuwa na miaka ishirini na saba na shahada mbili. Nyumbani alimwita Mama Dumuzi mama mkubwa, kazini alimwita mwalimu, na hakuwahi kukosea hata mara moja.

Wiki mbili kabla, mama yake Kibiriti alikuwa amempigia Mama Dumuzi simu.

"Dada, Kibiriti amepata barua ya huko ng'ambo. Nafasi ya uzamivu, miaka minne, kila kitu juu yao. Wanataka jibu Ijumaa, wiki mbili kutoka sasa. Hajakwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi na mimi sijakwambia."

Tangu siku hiyo mama mkubwa na mtoto walikaa meza moja, wakaazimana gundi na kibanio, wakasahihisha mitihani pamoja, na hakuna aliyeitaja barua. Mkubwa alingoja aambiwe. Alipoona haambiwi, akaanza kumchunguza mtoto wa mdogo wake kama anavyochunguza mdudu: leo ameimba, leo hakuimba, leo ametazama dirishani mara nne. Kila dalili aliitafsiri kwa ubaya. Anaondoka. Huyu anaondoka, na mimi nitafunga mlango huu kwa mkono wangu.

Jumatatu, siku ya mwisho ya kurudisha fomu, alimtuma Kibiriti maktaba, akajifungia, akajaza. Mrithi wa somo la wadudu wa nafaka: akaliandika jina la binti huyo kwa herufi kubwa. Mwaka wa tatu, uzamivu, hapahapa chuoni. Mwaka wa nane, mhadhiri mwandamizi. Mwaka wa kumi na sita, profesa. Mwaka wa ishirini na tano, mkuu wa idara, na mbele kidogo, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi, mwaka wa kustaafu. Palikuwa na kisanduku kinachouliza mapengo yanayotarajiwa. Hapo Mama Dumuzi alifikiri kidogo, akaandika: likizo ya uzazi, mwaka wa tano na wa saba. Alijisomea, akaona ni kazi safi. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikunywa chai ikiwa bado moto.

Alichokipuuza ni desturi ya chuo. Rasimu yoyote, kabla haijafika mezani kwa kamati, hubandikwa siku tatu kwenye ubao wa ngazi kuu ili kila mtu atoe maoni. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyesoma, isipokuwa walimu wa lugha, ambao husoma kwa ajili ya kuwaumbua wenzao. Lakini safari hii kulikuwa na majina, na palipo na majina watu hujaa. Kufikia Jumatano asubuhi ngazi zilikuwa hazipitiki.

Kibiriti aliingia saa nne, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama mkubwa," alisema, na palepale Mama Dumuzi akajua mambo yameharibika. "Nimeuona mwaka nitakaostaafu."

"Kaa kwanza."

"Na watoto wangu nimewaona. Wawili. Mmoja mwaka wa tano, mwingine wa saba. Nijipe hongera."

"Fomu inataka mapengo yatajwe. Usipoyataja wanasema mpango wako hauwajali wanawake."

"Na baba yao yuko safu ya ngapi? Nimemtafuta, sikumwona."

Mama Dumuzi alikaribia kucheka, akajizuia. Uso wa binti haukuwa wa mzaha.

"Nilikuwa nitakwambia," alisema Mama Dumuzi.

"Lini? Mwaka wa kumi na tano?"

"Na wewe ulikuwa uniambie lini habari ya barua?"

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la viti, na magurudumu yake yalilia mpaka mwisho wa korido.

"Mama hawezi kukaa na neno," Kibiriti alisema.

"Hawezi. Tangu utoto."

Kibiriti alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, akaiweka juu ya meza katikati yao. "Hii ni barua ya kuwakatalia. Niliiandika Jumapili. Nilikuwa nangoja hili joto la fomu lipite, ndipo nije kukwambia nabaki. Nilitaka tufurahi kidogo."

Mama Dumuzi alijawa na raha, na raha ile ndiyo iliyomponza. "Basi vizuri," alisema harakaharaka. "Basi hakuna kilichoharibika. Wewe umeamua kubaki, na fomu inasema unabaki."

Binti aliuvuta mkoba wake karibu, na mkubwa akatamani kuyameza maneno yake.

"Nilipoamua mwenyewe ilikuwa kitu chepesi," Kibiriti alisema. "Nilitembea nacho siku tatu nikijisikia vizuri. Leo mwalimu wa mbu ananiambia pale ngazini, mkuu wa idara, utukumbuke ukifika juu. Watu wanacheka. Mimi nimesimama nasoma maisha yangu mpaka mwisho, mstari kwa mstari, na sioni mahali nilipoulizwa kitu."

"Nilifanya kwa ajili ya idara."

"Najua. Hilo ndilo linaniuma. Ungeniuliza, ningesema ndiyo kabla hujamaliza swali."

Aliichukua barua yake, akairudisha mkobani, akaenda kufundisha, kwa sababu kengele ya kipindi ilikuwa imelia. Mama Dumuzi alibaki amesimama. Alivuta droo moja, akaifunga. Akavuta nyingine. Hakuona kilichokuwa ndani ya droo yoyote. Alikuwa na aibu, aibu ya kitoto inayochoma masikio, na chini ya aibu hiyo alikuwa na hofu, maana kesho yake kamati ingekaa, na jina likifutwa idara inakwisha.

Alhamisi kamati ilikaa katika ukumbi mdogo wa juu. Makamu wa Mkuu wa Chuo alikuwa mbele, na kando yake mratibu wa mpango, kijana mwenye suti iliyombana, akionyesha fomu ya kila idara ukutani kwa projekta. Elimu ya miamba walikuwa wameandika jina la mjukuu wa profesa wao, aliye bado sekondari. Falsafa, mbele ya mwaka wa ishirini na tano, walikuwa wameandika neno moja: inategemea. Mama Dumuzi hakucheka na wenzake. Alikuwa anahangaika na kalamu, anaifungua, anaifunga, mpaka jirani yake akaichukua taratibu na kuiweka mbali.

"Idara ya Wadudu," alisema mratibu, na uso ukamchangamka. "Hawa wametufurahisha. Mpaka mapengo wameyajaza. Ni mfano wa kuigwa."

Mama Dumuzi alisimama. "Naomba jina hilo lifutwe."

"Tuweke la nani, mwalimu?"

"Hakuna."

Makamu alivua miwani. "Mwalimu, kanuni unaijua."

"Naijua. Niliitunga mimi, na ninyi mkanipigia makofi." Aliegemea meza kwa mikono miwili. "Nilikosea. Nilidhani ujuzi unapotea kwa sababu hatukuandika majina. Chuo kinaweza kupanga kitasomesha vijana wangapi, kitawapa vifaa gani, kitawalea vipi ili wapende kubaki. Hayo ni malengo. Lakini tazameni pale ukutani. Nimemwandikia mtoto wa mdogo wangu miaka atakayozaa. Sikumuuliza. Na kamati nzima imesoma, hakuna aliyeshtuka, mmesema mfano wa kuigwa."

Kikohozi kimoja kilisikika upande wa Falsafa. Mratibu alitazama ukutani kama anauona kwa mara ya kwanza, akabonyeza kitufe, na jina likatoweka. Palibaki safu nyeupe.

Makamu hakuwa mtu mbaya. Aliinama upande wa mratibu, wakanong'ona, wakapekua kurasa. Kisha akasema kanuni haiwezi kubadilishwa kikaoni, itapelekwa Seneti ijadiliwe, na Seneti haina haraka. Kwa sasa Idara ya Wadudu itaendelea kupokea wanafunzi mpaka mkuu wake atakapostaafu. Siku hiyo asipopatikana mwenye uzamivu wa kuishika, mlango utafungwa na makabati yatahamishiwa ghalani.

"Yaani miaka mitatu," alisema Mama Dumuzi.

"Miaka mitatu," alisema Makamu. "Pole, mwalimu."

Alishuka ngazi, akapita mbele ya ubao bila kuutazama. Alipofungua chumba cha makabati, harufu ya naftalini ilimpokea, na Kibiriti alikuwa humo, amekaa juu ya kigoda, droo mapajani, anabadilisha vidonge. Lazima habari zilikuwa zimemtangulia, maana binti hakuuliza kikao kilikwendaje.

"Nimewaandikia asubuhi," Kibiriti alisema bila kuinua kichwa. "Nimekubali kwenda."

Mama Dumuzi alivuta kigoda cha pili, akakaa karibu naye. Swali lilimjaa mdomoni, lile la utarudi, na alilizuia kwa meno. Akachukua kopo la vidonge, akaanza kumpa kimoja kimoja.

"Unataka kwenda?" aliuliza. Lilikuwa swali ambalo hakuwahi kumuuliza maishani, na lilitoka vibaya, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.

Kibiriti aliwaza. "Nataka nione nikiwa huko kama napataka hapa."

"Haya."

"Wamekupa muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Kule ni minne," alisema Kibiriti.

Mikono ilikuwa ikiendelea na kazi, kidonge baada ya kidonge. Mama Dumuzi alikuwa anatazama droo, lakini midomo yake ilicheza kidogo bila sauti: kama akiomba mwaka mmoja wa mkataba baada ya kustaafu, kama Seneti ikichelewa inavyochelewa siku zote, kama mitihani ya mwisho ya kule ikiwahishwa miezi miwili.

"Mama mkubwa, usihesabu."

"Sihesabu," alisema, akampa kidonge kingine, na akaendelea kuhesabu.