Hema la Mtu Mmoja

Mwalimu alipoleta gari lake gereji kwa shemeji yangu, tulidhani amekuja kubadilisha oili. Lilikuwa gari refu la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, marehemu mumewe aliliacha likakaa uani mpaka kuku wakalizoea. Mwalimu akashuka, akalipiga boneti kofi, akasema, "Nataka kulala juu ya hili."

Spana, fundi wetu wa kuchomelea, akanikonyeza. "Juu ya boneti, Mwalimu? Utateleza."

"Juu ya paa, wewe. Nilikufundisha darasa la nne, na naona hujabadilika."

Tulicheka mpaka shemeji akaweka nyundo yake chini. Lakini mama yule hakuwa anatania. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na tano, anachora ubaoni mito na milima ambayo hajawahi kuiona kwa macho. Sasa amestaafu, mume amezikwa, watoto wana kwao. Anataka kuendesha mpaka barabara iishe, halafu aendelee. Miezi mitano. Chakula, maji, kitanda, vyote viwe garini.

Mimi kazi yangu pale ilikuwa cherehani. Nilipomaliza la saba dada aliniita nije nimshikie mtoto, mwaka mmoja tu, halafu tutaona. Mtoto akakua, akaja mwingine, akaja wa tatu, na juzi wa nne. Wale wakubwa walipoanza shule, shemeji akaona mchana nimekaa bure, akaniweka kwenye kona ya gereji nishone viti vya magari. Asubuhi gereji, jioni watoto, na ule mwaka mmoja ulikuwa umefika wa nane. Sikuwa napigwa wala kutukanwa, nisiseme uongo. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kwenda wapi.

Kazi ya gari la Mwalimu ilichukua miezi mitatu. Shemeji aling'oa springi zote, akaweka nene za kubeba mzigo. Spana alichomelea keria juu ya paa, akatoa viti vyote vya nyuma, akajenga makabati ya mbao yenye droo: jiko huku, vyombo kule, jeki na vipuri chini. Wakafunga betri ya pili ya friji na taa, ili ile ya kwanza isiishe mtu akakwama porini. Mimi nikapewa kila kitu cha kitambaa: mifuko ya milangoni, pazia za madirisha, kivuli cha pembeni, na hema lenyewe la juu ya paa.

Hema lile lilikaa kati ya mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kama kitabu kilichofungwa. Ukilifungua, ubao mmoja unabaki juu ya paa, mwingine unatokeza nje na ngazi inaushikilia, turubai linasimama katikati. Shida ilikuwa kulifungua. Mmoja alitakiwa asimame juu ya tairi asukume, mwingine avute kutoka upande wa pili. Mwalimu alijaribu peke yake siku ya kwanza akashindwa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo kama tangawizi, na mkono wa kulia haukuinuka kupita bega.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapumua. Akaniangalia.

"Hili linataka watu wawili, binti."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na viti vimebaki viwili." Akageukia gereji. "Wewe bwana! Huyu binti nampeleka. Miezi mitano nitamlisha, nitamlinda, nitakurudishia."

Shemeji alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Chukua, Mwalimu," sauti ikatoka chini. "Akirudi atakuwa ameshajua wateja wanataka nini huko porini."

Hivyo tu. Nilirudi kwenye cherehani, nikashona pindo lote la pazia upande usiofaa, nikafumua, nikashona tena.

Kuanzia hapo Mwalimu akawa anakuja kila siku ya pili na ramani zake, anazitandaza juu ya boneti. Alinifundisha kwamba mistari ya kahawia ikisongamana ujue ni mlima mkali, ikiachana ni tambarare. Alinipa kalamu nyekundu niweke alama mahali tutakapolala. Tutakapolala, alisema hivyo. Spana akanifundisha kubadilisha tairi, na nilipofungua nati ya kwanza mwenyewe akapiga mluzi.

"Sindano," akaniita hivyo, "ukikutana na simba huko, mshone mdomo."

Nyumbani nilitoa begi langu juu ya kabati nikalifuta vumbi. Niliweka nguo tatu, sweta na viatu vya kufunga nilivyonunua mtumba. Dada aliliona. Akaendelea kukunja nguo za watoto kwa nguvu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, kama ni kukosea.

Kila nilipomwona Mwalimu anakunja uso akivuta turubai, iliniuma. Halafu nikawaza: tukiwa huko mbali mimi nikapata homa, huyu mama atalala wapi? Basi nikaanza kuchezacheza na lile hema. Nilimwomba Spana kapi mbili, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, anifungie moja kwenye keria na nyingine kwenye ukingo wa ubao, nikapitisha kamba ndefu inayoshuka mpaka kiunoni. Mtu akisimama chini akivuta, ubao unainuka wenyewe, mkono haupandi juu hata kidogo. Kamba za nailoni zingemkata vidole, nikachagua ya pamba, nene na laini. Zipu nikazifunga vitanzi vya ngozi vya kupitisha kiganja kizima. Vifungo vidogo nikavitoa vyote, nikaweka vijiti vya mbao vya kusukuma kwa kidole gumba.

Wiki mbili nilishona na kufumua. Spana alikuja akasimama nyuma yangu.

"Sindano, ukiendelea hivi hata kuku atalifungua."

"Ndiyo nataka hivyo," nikamjibu, nina uzi mdomoni.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Gari lilitolewa uani limejaa mzigo wake wote, limekaa sawa kwenye springi mpya, limependeza hata majirani walisimama getini. Shemeji alishika simu ahesabu dakika. Tulifungua hema mara ya kwanza mimi na Mwalimu: dakika tatu. Watu wakaguna kwa kuridhika.

Mwalimu akashika ile kamba, akaipima mkononi.

"Hebu kaa pembeni, mwanangu."

Nikakaa pembeni. Alilifunga lote peke yake, polepole, akatulia. Halafu akavuta kamba. Ubao ukainuka, ukasimama, ukalala upande wa pili bila kelele. Akashusha ngazi. Akapitisha kiganja kwenye kitanzi, zipu ikafunguka kama maji. Dakika saba. Akapanda ngazi kidato kwa kidato, akaingia, akatoa kichwa dirishani, na machozi yanamtoka kwenye miwani.

"Peke yangu!" akasema. "Jamani, mmeona? Peke yangu!"

Watu wote walipiga makofi. Mimi ndiye niliyeanza.

Aliposhuka hakuja kwangu. Alimwendea shemeji, wakazunguka gari wakizungumza kwa sauti ya chini, wakafungua mlango wa mbele. Nikamwona shemeji anainama, anapima kwa futi pale kwenye kiti cha pembeni ya dereva.

"Tangi la lita sitini linakaa," akasema. "Na boksi la ramani juu yake. Boliti nne tu, Spana, kitoe."

Spana hakusogea. Aliniangalia mimi kwanza, na kumbe huyo tu ndiye aliyeniangalia.

Nikaenda mpaka kwa Mwalimu. "Na mimi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Mwanangu, nisikilize. Nililelewa tukiwa tisa kwenye vyumba viwili. Nikaolewa nikakuta wakwe. Nikafundisha, kila mwaka watoto sitini mbele yangu. Mume akaugua miaka sita, nikamuuguza. Sijawahi kulala hata usiku mmoja peke yangu kwa kutaka mwenyewe. Nilidhani haitawezekana tena, na mkono huu. Wewe ndiye umeniwezesha. Utanielewa."

Nilimwelewa. Hicho ndicho kilichonikera, nilimwelewa neno kwa neno. Hata mimi sijawahi.

"Uliniambia twende wote."

"Nilisema hema linataka watu wawili," akasema taratibu. "Sasa halitaki." Akanishika mkono. "Nitakuletea zawadi. Unataka nini kutoka huko?"

"Sijui kuna nini huko, Mwalimu."

Akauachia mkono wangu.

Shemeji alikuja baadaye na soda baridi, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Shemeji, usinune bwana. Umeona wale waliokuwa getini? Wawili wameshaniuliza. Hema la mtu mmoja! Tutashona mpaka uchoke." Alifurahi kweli. Alidhani ananipa habari njema.

Nilipofika nyumbani jioni nilikuta begi limerudi juu ya kabati. Tupu. Nguo zangu zimetundikwa kwenye misumari yake, sweta limekunjwa, viatu vimeingizwa chini ya kitanda. Shemeji alikuwa ameshapiga simu.

"Nilijua tu," dada akasema, anamnyonyesha wa nne. "Watu wazima wanasema maneno tu. Na mimi hapa ningebaki na nani?" Halafu, kwa upole, "Shika kidogo huyu nikaangalie sufuria."

Nikamshika.

Mwalimu aliondoka Jumatano. Alinipa kazi ya mwisho: nimshonee lile tangi la maji gauni la turubai lisipigwe na jua. Nililishona vizuri, mshono mara mbili, sikutaka aje aseme kitu changu kimechanika. Siku hiyo ya kuondoka alinikalisha chini nimweleze kila kamba na kila kitanzi, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Nikamweleza vyote.

Kimoja sikumweleza. Kamba ya pamba ikilowa huvimba. Ikivimba inabana kwenye kapi. Dawa yake ni mshumaa tu: unaisugua nta kila baada ya siku chache, maji hayaingii. Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku niliyoichagua, na nilikuwa nimepanga niwe naisugua mimi, jioni, wakati yeye anapika. Aliuliza, "Kuna kingine?" Kalamu iko juu ya karatasi. Nikasema hapana.

Akapiga honi mara mbili akatoka getini. Spana alipunga mkono. Mimi nilikuwa na hema la pili kwenye cherehani, la mteja mwingine.

Zilipita wiki tano. Asubuhi moja, mvua inanyesha kwenye mabati hata huwezi kusikia mtu, shemeji akaja amenyoosha simu. "Mwalimu. Anataka wewe, si mimi."

Nikaingia ndani ya gari mojawapo, nikafunga mlango ili nisikie.

"Mwanangu, hema halifunguki. Tangu jana jioni. Mvua imenyesha siku tatu, kamba haiendi mbele wala nyuma."

"Umelala wapi?"

"Kwenye usukani. Nimekaa hivi hivi, magoti yamekufa. Hapa pembeni kuna tangi, sina hata pa kunyoosha mguu."

Nilifurahi. Sikujitafutia sababu, nilifurahi tu, kwa muda wa kama pumzi mbili, kumwazia mama mwenye umri ule amekaa wima usiku kucha kwa sababu ya tangi la maji lenye gauni nililolishona mimi. Halafu ile furaha ikaisha, na hakuna kilichokuja mahali pake.

"Una mshumaa?"

"Ninao."

"Ilegeze kamba, itoe kwenye kapi zote mbili. Ikaushe juu ya injini, lakini isiguse bomba la moshi. Ikikauka isugue mshumaa yote, mwanzo mpaka mwisho, halafu irudishe. Na uwe unaisugua kila baada ya siku chache."

Nilisikia kalamu inakwaruza. Halafu ikanyamaza.

"Hili hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ulisahau?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananipa nafasi, nadhani, kama walimu wanavyompa mtoto nafasi.

"Hapana," nikasema. "Nilijua nitakuwepo."

Mvua ilikuwa inanyesha kwake na kwangu, sikuweza kujua ninayoisikia ni ya wapi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, hapa nilipo, nikikuambia ninavyoviona mbele yangu..."

"Legeza kwanza kile kijiti cha kushoto," nikamwambia, "ndiyo uvute kamba. Cha kushoto, Mwalimu. Umeandika?"

"Nimeandika."

Nikatoka, nikamrudishia shemeji simu yake. Aliuliza Mwalimu anasemaje, nikamwambia anasema hema ni zuri.