Chumba cha Chaki

Fundi bomba huyu mtaa mzima ulimwita Hakuna Shida, na jina lenyewe alijitafutia mwenyewe. Umwite bafu limefurika, hakuna shida. Umwombe akubebee kabati hadi ghorofa ya tatu, na yeye amekuja kutazama bomba tu, hakuna shida. Jirani alimwachia paka amwangalizie wiki moja, hakuna shida, na paka akazaa humo humo ndani. Neno "hapana" lilikuwemo kinywani mwake, nadhani, maana ulimi alikuwa nao. Ila lilikuwa halijawahi kutoka nje.

Kwa hiyo siku mke wake, fundi cherehani, alipotandaza picha ya boti juu ya meza ya kukatia vitambaa na kumwambia, "Mume wangu, njoo utazame," wewe tayari unajua alichojibu.

Ilikuwa boti kubwa ya mtoni, ya ghorofa mbili, inayokwenda polepole siku tatu. Abiria wanakula humo na kulala humo, mpaka wanafika jijini mkesha wa mwaka mpya. Fataki zinarushwa kutoka darajani, na walio botini ndio wanaofaidi kuliko wote, kwa sababu zinapasuka juu ya vichwa vyao. Mke alikwisha kuulizia kila kitu. Watoto wao wawili wameshaanza maisha yao, nyumba imebaki na mlio wa cherehani tu, na tangu harusi yao hawajawahi kusafiri wakiwa wawili, isipokuwa kwenda msibani.

"Tutakwenda?" akauliza.

"Hakuna shida," akajibu mumewe, akaenda kuvua suruali iliyolowa.

Mambo yangeishia hapo, kama si mdomo wake. Jumamosi alipita kwa mama yake kubadilisha mpira wa bomba, akaitaja safari. Sasa, sisi tunajuana. Mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, naye anasema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma, na kila mmoja anaendelea na hamsini zake. Hakuna Shida alimwambia mama yake, "Karibu twende, mama," ikiwa ni karibu ya namna hiyo hiyo, ya mdomoni. Mama akamtazama mwanawe, akasema, "Haya, mwanangu. Tutakwenda."

Akamkaribisha na dada yake mkubwa. Dada naye, haya. Akamkaribisha hata mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, kwa sababu walikutana getini na aliona kunyamaza ni utovu wa adabu. Mwalimu akakohoa, akasema haya. Na wakati wote huo mke wake hana habari, anashona.

Habari ilimfikia Jumatano. Wifi yake aliingia kwenye chumba cha kushonea akihema, akajitupa kwenye kiti.

"Wifi, nishonee kofia ya boti, yenye kamba ya kidevuni, isije ikaenda na maji. Na mama amesema hiki ukipakie na mizigo yenu." Akaweka mezani mto wa maua, ule ambao bila huo mama yao hapati usingizi.

Mwingine angepiga kelele. Huyu alimpima wifi yake kichwa, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi. Kisha akaisukuma meza ukutani, akachukua futi yake na chaki, akapiga magoti sakafuni.

Hakuna Shida aliporudi kazini alikuta sakafu yote imechorwa mistari.

"Nini hiki?"

"Chumba chetu cha boti, kimebaki hiki kimoja tu. Vipimo vimeandikwa nyuma ya picha, sijapunja hata kidole. Hiki kitanda cha dirishani, hiki cha ukutani, hapa katikati ndipo pa kupita, ukipita kiubavu. Vua viatu uingie."

Fundi akacheka, akavua viatu, akajilaza kwenye kitanda cha dirishani. Miguu yake ilivuka mstari, akaikunja. Mkewe akachukua ule mto wa maua akauweka kwenye kitanda cha pili.

"Huyu mama," akasema.

Kicheko cha fundi kikapungua. Mkewe akaleta kigoda, akakivalisha kofia iliyokatwa nusu, akakiweka kwenye miguu ya mumewe. "Huyu wifi yangu." Mwisho akaliburuta lile sanamu la kuvalishia makoti, lisilo na kichwa na lenye kitambi, akalisimamisha katikati. "Na huyu mwalimu. Amesimama, maana pa kukaa hakuna. Ukitaka kujigeuza, umwombe radhi kwanza."

"Mke wangu..."

"Ngoja. Mimi bado sijapata pa kulala. Nionyeshe."

Fundi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akajibana ukutani ambako hakukuwa na ukuta. "Labda tukibanana..."

"Hakuna shida?" akauliza mkewe, kwa sauti tamu ya kutisha.

Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani, na utani ukamtoka usoni. "Sikiliza. Mwaka mzima uko chini ya masinki ya watu. Nikikuletea chakula kazini naona nyayo zako tu. Nilitaka siku tatu nikuone na uso. Fataki ni kisingizio, hata zisiporushwa shauri yao. Nenda ukawaambie hapana. Kama huwezi, nendeni ninyi, mimi nitabaki na cherehani yangu. Na sitakuuliza tena."

Hapo fundi akaingiwa na baridi. Mke wake aliwahi kusema hivyo mara moja, zamani, kuhusu kwenda kucheza dansi, na kweli hakuuliza tena. Jambo lile lilikuwa bado linamuuma.

Asubuhi akapiga moyo konde, akatoka. Njia nzima alijifunza. "Hapana. Hapana, mama. Mama, hapana." Muuza magazeti akadhani anaambiwa yeye, akarudisha gazeti lake kwapani kwa hasira. Alipofika kwa mama yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kulikaza bomba la jikoni.

"Mwanangu," mama akasema, "hilo bomba halina ugonjwa. Keti useme."

Akaketi. Jasho likamtiririka hadi kwenye kola. "Mama, ile safari ya boti. Chumba ni cha watu wawili. Kwa hiyo ni... ni hapana, mama. Nisamehe."

Mama akatua kikombe. Akautazama mlango, akalitazama dirisha, halafu akamtazama mwanawe.

"Afadhali!" akasema. "Afadhali mara mia! Mimi kiti cha kinyozi tu kikizunguka natapika, leo siku tatu juu ya maji? Tangu unialike sina raha."

Fundi macho yakamtoka. "Sasa mbona ulikubali?"

"Ulinikaribisha mwenyewe, tena kwa uso wa huruma. Ningekuvunjaje moyo? Na dada yako amekubali ili aje anishike kichwa nikitapika. Naye fataki hazitaki, akisikia mlango umebamizwa tu anaruka."

Wakatazamana mama na mwana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mama akaomba maji. Halafu akajifuta machozi, akashika tena kikombe.

"Ugonjwa huu ni wa nyumba hii," akasema taratibu. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivi hivi. Chai yangu alikunywa maisha yake yote, kila siku akisema nzuri. Mpaka leo sijui kama aliipenda au alikuwa anainywa tu. Hilo linanisumbua kuliko unavyodhani."

Akamshika mama yake mkono, akaaga. Kwa dada yake hakumaliza hata sentensi, akapigiwa kigelegele cha sikioni. Mwalimu mstaafu alimkumbatia palepale getini. "Nilikuwa naomba nipate homa," akasema. "Homa ndogo tu, ya heshima."

Akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyenunua gari. Mkewe alikuwa anapinda pindo la pazia. Akamsimulia yote, akatia na chumvi, akaigiza kukumbatiwa na mwalimu, na mkewe akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Halafu akachomeka sindano kwenye kitambaa.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Mimi pia nilikuuliza. Nikakwambia tutakwenda, ukanijibu hakuna shida." Alikuwa hatanii. "Ulitaka, au ulisema tu?"

Fundi akafungua kinywa, na lile neno lake la siku zote likaja lenyewe mpaka kwenye meno. Akakumbuka chai ya baba yake. Akalimeza.

"Shida ipo," akasema.

Mkewe akaliweka pazia magotini.

"Naogopa maji. Ya kwenye bomba hayanibabaishi, nayafunga nitakavyo. Lakini yale yaliyolala tu, mapana, hayana koki... Sijui kuogelea. Nikiitazama ile picha yako nashikilia meza."

"Basi tusiende," mkewe akasema polepole, akalishika tena pindo.

"Hapana!"

Ilitoka kwa nguvu, bila mazoezi yoyote, na wote wawili wakashtuka. "Hapana," fundi akarudia. "Boti siitaki, wewe nakutaka. Nataka hizo siku tatu kuliko unavyozitaka wewe. Ila utanishika mkono tangu kwenye ngazi hadi fataki ziishe. Na nikipiga yowe usinicheke."

"Nitakucheka," mkewe akasema, na macho yalikuwa yamemlowa. "Hilo siwezi kuahidi. Mkono nitakushika."

Akaondoka kwenye cherehani. Akalitoa sanamu nje ya mistari, akakitoa kigoda, akauondoa mto wa mama mkwe. Akajilaza sakafuni kwenye kitanda cha ukutani, akapigapiga upande wa dirisha. "Njoo basi, tujaribu."

Wakalala, chaki ikiwachafua migongo. Simu ya fundi ikalia mfukoni. Mteja alipiga kelele mpaka mke akasikia kila neno: bomba la jikoni linadondosha, aje sasa hivi. Mke akatazama dari.

"Hapana," fundi akasema. "Leo siwezi. Weka ndoo, nitakuja kesho. Niko safarini."

"Safarini wapi? Asubuhi si nimekuona?"

"Botini," akasema fundi, akazima simu.

Mkewe akageuka ubavu, akawa anamtazama uso. Alimtazama hivyo muda mrefu, bila haraka, kisha akanyoosha kidole akamgusa chini ya mdomo.

"Una kovu kidevuni," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi," akajibu fundi. "Sinki la mwalimu."