Kidole cha Mzee Nyangwine

Jumapili asubuhi kopo la sukari lilikuwa tupu. Wegesa alimimina chai hivyo hivyo, na mumewe, mzee Nyangwine, akachovya kidole kikombeni kupima kama imepoa. Haikuwa imepoa, ila kidole kilikuwa na ganzi tangu mavuno, hakikusikia moto. Chai ikawa tamu. Akachovya na kwenye kikombe cha mkewe, nacho kikawa kitamu. Wakanywa, wakaenda kanisani.

Kabla ibada haijaisha, kijiji chote cha Nyamwaga kilikuwa na habari. Na kwa kuwa kule kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kumwambia asirudi, watu walianza kubisha hodi na birika zao. Kwenye harusi na misiba Nyangwine aliwekwa mbele ya sufuria, akapewa kiti chenye mgongo na nyama yenye mafuta kuliko zote. Sisimizi nao walijipanga kutoka chooni hadi mlangoni, wakawa wanamngoja kwa adabu.

Wegesa ndiye aliyeona mengine. Mzee alimaliza ndoo ya maji na kiu ikabaki. Suruali ilimvuka. Kidonda cha kisigino kiligoma kupona. Nesi Agustina wa zahanati akampima, akasema ni kisukari, tena na presha imepanda. Wakaenda hospitali ya Mugumu, wakarudi na vidonge. Mzee akavimeza, kiu ikatulia, kidonda kikaanza kufunga, na chai ya ubatizo wa mjukuu wa jirani yao Mokami ikawa kama maji ya kuoshea vyombo.

Kikao kikaitwa. Mokami alisema kwa upole kwamba hakuna anayemkataza mzee dawa.

"Ila tata, mzee wetu, siku za shughuli ruka dawa. Kwani shughuli zenyewe ni ngapi?"

Nyangwine alikohoa, akakubali. Nyumbani kwake hakukuwa na kiti chenye mgongo.

Wegesa akaomba kutega kitendawili. Wakamwambia atege.

"Nina mtungi. Kijiji kizima kinauchota, na anayeulizwa mbona umekauka ni mimi."

Walifikiri kweli kweli. Mokami akasema wameshindwa, akampa mji wa Mugumu, kisha wakapanga harusi ya Jumamosi bila kungoja jibu.

Kumbe shughuli hazina mwisho. Kuna posa, kuna kipaimara, kuna ndugu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari ambao chai ya kawaida kwao ni matusi. Wegesa akawa anasaga vidonge na kuvificha kwenye uji wa mumewe. Chai ikipooza, watu walimlaumu ng'ombe. Walipogundua vidonge hawakugombana na Wegesa. Walimwambia tu apumzike, chakula cha mzee watampikia wao.

Mwaka huu, wanasema, chai imezidi utamu hata ile ya mwanzo. Macho ya Nyangwine yamefifia, kwa hiyo wanamshika mkono kwa heshima zote, wanamtembeza taratibu hadi kwenye sufuria, na kumwelekeza kidole, asije akachovya pembeni.