Breki ya Upande wa Pili

"Mguu huo tena, mzee wangu," mtawa alisema, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mwenzake kamba ya kiatu iliyofunguka.

Mzee Taratibu alifumbua macho. Alikuwa amekaa kwenye kiti, maana magoti yake yalishakataa habari za kukunja miguu mkekani, na kweli mguu wake wa kulia ulikuwa umeikandamiza sakafu mpaka paja limekakamaa. Hakuwa na habari. Muda wote alidhani anafuata pumzi.

Chumba kilikuwa juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda kupitia mbao za sakafu, na mashine ya upepo ilikuwa ikinguruma huko chini, ikinyamaza, ikinguruma tena. Kulikuwa na mikeka, birika la chai, na sanamu ndogo ya Buddha juu ya kabati lililopoteza mlango mmoja. Wengine waliokuja kutafakari walishashuka. Mtawa, mwanamke kijana aliyenyoa kichwa na kuvaa joho la kahawia lenye kiraka kiwikoni, alikuwa akikunja mikeka huku akipenga kamasi. Mafua yalimshika wiki nzima, naye hakujisumbua kuyaficha.

"Nilikuwa najitahidi, dada," Taratibu alisema.

"Nimeona. Umejitahidi mpaka sakafu imeomba radhi."

Zamani angecheka. Sasa aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

Mara ya kwanza alipanda ngazi zile kwa bahati tu, akimsubiri mwanafunzi wake wa udereva ambaye hakutokea. Akapapenda kwa sababu moja: hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Tangu alipomzika mkewe kila mtu alimuuliza hivyo, naye alijibu salama, na ilikuwa kweli. Hakuwa na uchungu, na hilo ndilo lililomtia aibu. Chakula kilipita kinywani bila ladha. Asubuhi alivaa, jioni alivua. Hata siku ya mazishi, watu wakilia kila upande, yeye alikuwa akiangalia jinsi waombolezaji walivyoegesha magari yao hovyo.

Majuma ya kwanza aliikamia pumzi kama polisi anayemfuata mwizi sokoni, akarudi nyumbani na kichwa kinamgonga. Mtawa akamwambia alegeze. Akalegeza, akakoroma. Ikawa ni hayo tu: ama ameshika mno, ama amelala.

"Leo binti yangu anarudia mtihani wa udereva," alisema ghafla. Hakuwa na mazoea ya kusema mambo yake.

Mtawa aliweka mkeka chini, akakaa juu yake.

Taratibu alifundisha udereva miaka na miaka, na jina hilo walimpa wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno aliloongea kuliko yote. Gari la shule lilikuwa na breki mbili: moja ya mwanafunzi, na nyingine upande wa mwalimu, kwa ajili ya hatari. Zimeunganishwa, mwalimu akikanyaga ya kwake, ile ya mwanafunzi nayo inazama. Binti yake alijifunza kwake, akawa mwepesi, hana woga. Siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kupanda. Anayekaa kiti kile ni mtahini. Katika mtihani ule, kwenye makutano ya kwanza gari lilipita mstari mweupe moja kwa moja, mpaka mtahini akakanyaga mwenyewe. "Binti yako anaendesha vizuri sana," mtahini alimwambia baadaye. "Kusimama tu ndiko hajui."

Taratibu hakuelewa. Alielewa kesho yake, alipokuwa akiosha gari. Mpira wa pedali ya breki ya mwanafunzi ulikuwa na mistari yake yote, kama umetoka dukani. Wa upande wake ulikuwa umelika, unang'aa, katikati chuma kimeanza kuchungulia.

"Ni mimi niliyekuwa nasimamisha," alimwambia mtawa. "Polepole, kiasi kwamba hata yeye hakujua. Wala mimi sikujua. Alihisi pedali inashuka chini ya kiatu chake, akadhani ni yeye. Hajawahi kusimamisha gari hata siku moja."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Na mguu?"

"Nimeukatalia. Nimeukalia. Nimefunga kamba za viatu pamoja. Kadiri ninavyoukataza ndivyo unavyokwenda. Juzi nikasema basi, nisiufikirie, nikatazama dirishani. Ukakanyaga wenyewe dakika ya mwisho, tukaukosa mkokoteni wa maji kwa bahati tu." Akashusha pumzi. "Akianguka leo, kazi yake anapewa mwingine. Gari la kupeleka dawa kwenye zahanati. Wamemsubiri, wamechoka. Nikiukaza unakwenda, nikiusahau unakwenda. Sasa nifanyeje?"

"Usiukaze. Usiusahau."

"Hilo si jibu, dada."

"Si jibu, ni kweli. Ni kazi." Alipenga tena. "Mzee wangu, ukijua tu kwamba umekanyaga, hapo umesharudi. Usiupige mguu kofi. Ulegeze, basi. Utakanyaga tena, utajua tena, utalegeza tena. Juhudi yenyewe ndiyo hiyo, haina nguvu zaidi ya hapo. Na mimi nimefika hapo tu, usinione nimenyoa ukadhani nina zaidi."

"Kama klachi inapoanza kushika," Taratibu alisema. "Pale gari linapotetemeka kidogo."

"Klachi siijui," mtawa alisema. "Mimi natembea kwa miguu."

*

Binti yake alikuwa akimsubiri kando ya gari, na mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umelala?"

"Nimelala. Kula yai."

"Baadaye."

Binti hakusisitiza. Nyumbani kwao siku hizi waliishi kwa adabu kubwa, kama wapangaji wawili. Aliuweka mfuko juu ya dashibodi, akarekebisha kioo, akafunga mkanda, akaingiza gia ya kwanza. Klachi aliiachia vizuri mno. Taratibu aliivuta miguu yake nyuma, chini ya kiti, akaweka mikono mapajani.

Walipita mbele ya benki, mbele ya shule, wakafuata barabara ndefu yenye maghala. Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Mtu alikuwa akipaka rangi mlango. Kwenye makutano ya ghala la saruji gari lilipungua mwendo, likasimama kabla tu ya mstari, bila mtikisiko, kazi safi ya kupigwa picha. Taratibu aliangalia chini. Mguu ulikuwa mbele, juu ya pedali. Hakuuona ulipoondoka.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa amekuzoea.

"Hiyo ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Breki. Nimekanyaga mimi. Si wewe."

Binti alicheka kidogo. "Baba, nimekanyaga mimi. Si nimesikia imeshuka?"

"Imeshuka kwa sababu nimeishusha. Na juzi ni mimi. Na mwezi uliopita. Hata ulipoanguka, ulianguka kwa sababu yangu. Angalia mpira wa kwako, halafu uangalie wa kwangu."

Hakuangalia papo hapo. Aliligeuza gari pembeni, taratibu kabisa, na kwa mazoea baba akakanyaga tena, likasimama kando ya ukuta. "Na hiyo ni mimi," alisema. Binti akazima injini. Ndipo alipoinama, akaangalia chini kwake, kisha chini kwa baba yake. Alipoinuka uso ulikuwa umemwiva.

"Kwa hiyo sijawahi kusimamisha gari."

"Hujawahi."

"Miezi yote hii najisifu. Nawaambia watu, mimi breki zangu ni siagi." Alipiga usukani kwa kiganja. "Kwa nini, baba? Mimi ni mtoto?"

"Sikujua kama nakanyaga."

"Hujui nini wewe! Hata mama alikuambia ameshiba."

Neno hilo lilikaa nao ndani ya gari. Nje, yule mtu wa kupaka rangi alikuwa ameshuka ngazi, anautazama mlango wake kwa mbali.

Mkewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na Taratibu alimlisha uji kwa mkono wake mwenyewe, hakukubali muuguzi wala ndugu. Kijiko kimoja tu, mke wangu. Kimoja cha mwisho. Mgonjwa alikaza midomo, yeye akangoja ilegee. Mgonjwa aligeukia ukutani, yeye akazunguka kitanda na kijiko chake. Siku ile ya mwisho mkewe alimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa na hasira, "Nimeshiba, baba watoto. Pumzika na wewe." Yeye akamjibu, kimoja tu. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake daktari alipoingia.

"Aliniambia," Taratibu alisema. "Nilimsikia vizuri."

Alingoja machozi, kama alivyoyangoja mara nyingi, na machozi hayakuja. Ila kuna kitu kilisogea kifuani, kama kabati linapoburutwa chumba cha jirani. Kiliuma. Alikaa nacho, hakukisukuma wala hakukifukuza, na kikaendelea kuuma.

Binti alifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Sikutaka kusema hivyo."

"Umesema vizuri. Washa gari, mama. Saa zinakwenda. Nikikanyaga nitakuambia."

"Na usipokanyaga?"

"Utasimamisha wewe."

"Na nikishindwa?"

"Tutagonga kitu," alisema, na binti akamtazama kuona kama ni utani. Hata yeye hakuwa na uhakika.

Wakarudi barabarani. Kwenye makutano yaliyofuata alisema, "Mimi." Kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, "Mimi." Hakuukaripia mguu. Kila alipoukuta mbele aliusema, akaurudisha chini ya kiti, nao baada ya muda ukaenda tena kama mbuzi anayejua bustani ilipo. "Mimi. Mimi tena, samahani." Binti akaanza kuguna, kisha akaanza kutabasamu kwa hasira. Halafu ikapita kona moja bila neno, gari likasimama mbali mno na mstari, katikati ya barabara, mbele yao hakuna kitu, na dereva wa nyuma akawapigia honi ndefu.

"Baba?"

"Sijasema kitu."

Mteremko wa maghala unaishia barabara kuu. Hapo ndipo Taratibu alipokuwa akikanyaga kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo lori la magogo lilipokuwa likikatiza, refu, halina haraka. Gari lilianza kushika kasi. Alihisi paja likikaza. Alijua. Akalilegeza. Likakaza tena, akajua, akalegeza, na katikati ya kukaza na kulegeza palikuwa na mahali padogo sana ambapo mguu ulikuwa mguu tu, una joto ndani ya soksi, na aliyekuwa akiendesha gari alikuwa mtoto wake. Hakufumba macho. Hakusema lile neno lake, taratibu. Magogo yaliendelea kupita, makubwa zaidi na zaidi, akaona maganda yake, akaona mnyororo.

Gari lilikita pua. Mkanda ulimkaba shingoni, mfuko ukaruka kutoka kwenye dashibodi, mayai yakabingirika chini ya viti. Injini ikazima. Tairi za mbele zilikuwa zimepita mstari kwa upana wa kiatu.

Binti alikuwa ameushika usukani kama anauzuia usitoroke. Lori likamaliza kupita.

"Hiyo?" aliuliza, hana pumzi.

"Hiyo ni yako."

"Mbaya sana."

"Mbaya," alikubali. "Rudia."

Walirudia mpaka muda ukaisha, juu na chini ya mteremko uleule, na si kila mara ilikuwa ya binti.

*

Uwanja wa mtihani ulikuwa wa vumbi, umezungushiwa ukuta. Mtahini, mwanaume mnene aliyekuwa akimumunya peremende, alimwamkia Taratibu, akavuta kiti cha mwalimu nyuma ili tumbo lipate nafasi, akakaa. Viatu vyake vilikuwa vikubwa, vyeusi. Taratibu aliviangalia vikijipanga kando ya pedali iliyolika.

Binti alishusha kioo. "Baba, yai moja halijapasuka. Lichukue."

Alilichukua. Alilimenya akiwa amesimama, gari likianza kuondoka, akaliuma. Binti alikuwa amelichemsha na kulilaza kwenye maji ya chumvi nyingi kupita kiasi, ama labda alifanya hivyo siku zote. Akauma tena.

Gari lilielekea lango la kutokea barabarani. Mwendo ulikuwa mzuri, labda umezidi kidogo. Nje ya lango baiskeli ilikuwa ikija upande wa kulia, mwenye nayo anaongea na mtu mwingine, haangalii mbele. Taratibu aliiona. Hakuweza kujua kama binti naye ameiona.

Alitazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimezama vumbini, kisigino kimeinuka.

"Mimi," alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Akaulegeza. Alipoinua macho, taa nyekundu za breki nyuma ya gari zilikuwa zimewaka.