Magari Mawili, Nafasi Moja

Spana, kama walivyomwita mafundi wenzake gereji, hakuwa dada wa kubabaishwa na injini. Alifungua daftari juu ya boneti, akachora mstari katikati: huku gari la buluu, kule la krimu. Yote mawili yalikuwa ya baba yake, na yote yalitoka kiwandani kabla yeye hajazaliwa. Jumamosi hiyo baba alikuwa anahamia nyumbani kwa Spana, na uani mlikuwa na nafasi ya gari moja tu. La pili lingechukuliwa na mwalimu wa chuo cha ufundi, wanafunzi walifungue hadi nati ya mwisho.

"Tuyapime kwa haki, baba."

"Fundi ni wewe, mwanangu."

Wakayapandisha mlima wa hospitali, moja baada ya jingine. La buluu lilipanda kwa gia ya tatu bila kulalamika. La krimu lilijikongoja kwa gia ya kwanza, likafika juu likifuka mvuke kama birika, ikabidi wangoje lipoe. Matunzo nayo, usiseme. La buluu ukilibadilishia oili na plagi, mmemalizana. La krimu lilitaka kabureta isafishwe kila mwezi, rejeta ilivuja, na spea zake zilikuwa za kuchongesha. Spana alimaliza kuandika akaona hata haya kwa niaba ya gari hilo.

"Basi la krimu liende," baba akasema haraka, na Spana akafunga daftari.

Mchana mwalimu alifika. Baba akamkabidhi ufunguo, akaanza kumpa maelekezo.

"Asubuhi usimkurupushe. Mvutie choki taratibu, mwache apumue. Akikohoa usimkanyagie mafuta, atatulia mwenyewe. Mkifika mlimani, msemeshe. Na baridi ikizidi, mfunike."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Spana hakucheka. Baba alikuwa dereva maisha yake yote, na hakuwahi kulizungumzia gari kama mtu. Lakini maagizo hayo Spana aliyajua kwa moyo. Ndiyo aliyoachiwa ya kumtunza mama kila mara baba aliposafiri, miaka ile mama alipougua kifua. Na la krimu ndilo lililompeleka mama hospitali kila wiki, mpaka wiki ya mwisho.

Alimwonea baba yake huruma hadi akamkasirikia.

"Mbona hukusema, baba?"

"Ningesema nini? La buluu ndilo zima."

Spana akauomba ule ufunguo kwa mwalimu, akampa wa gari la buluu.

"Hili? Lakini hili ni zima kabisa!"

"Wanafunzi nao wafaidi, mwalimu."

Gari la buluu lilipotoka getini, baba alikuwa bado amesimama palepale.

"Atakusumbua huyu, mwanangu."

"Anisumbue tu," Spana akasema. "Njoo unionyeshe anavyopenda kuwashwa."

Baba akaingia ndani ya la krimu, akashika usukani. Spana akaketi kando yake, akamngoja amalize kulia.