Shangazi Katangulia

Dari liliporomoka adhuhuri, mjamzito akiwa ndiyo kwanza ameondoka kitandani kwenda kunywa maji. Alisikia mshindo. Alipogeuka, bilauri mkononi, aliona mto aliokuwa ameulalia umezikwa chini ya mbao na vipande vya saruji, na juu yake mbingu tupu. Hakupiga kelele. Aliyanywa maji yote, akaiweka bilauri mezani taratibu, ndipo alipojikalisha chini.

Mumewe, fundi wa makochi, alimkuta ameketi sakafuni, nywele nyeupe kwa vumbi kama bibi kizee. Mwenye nyumba naye akaja, akalitazama lile tundu, akasema, "Mshukuruni Mungu. Sasa mna hewa."

"Hewa?"

"Si mlikuwa mnalalamikia joto?"

Yako maneno ambayo mtu huyajibu kwa kufungasha. Wakapakia pikapu yao kuukuu: kitanda, cherehani nzito ya kushonea makochi, kiti cha wateja wa mke na beseni la nguo za mtoto. Mke alikuwa msusi. Alisema kazi yake iko vidoleni, popote penye vichwa watakula. Walichokosa ni paa tu. Na ndugu si wapo?

Wa kwanza alikuwa dada yake mke. Dada huyu kila akipiga simu husema, "Njooni bwana, nyumba kubwa, mimi na shemeji yenu tunapwaya." Walipofika, dada alitokea mlango wa mbele, akamkumbatia mdogo wake, akalipapasa tumbo na kulisemesha. Shemeji akatokea mlango wa jikoni, akampa fundi mkono. Wawili hao hawakutazamana. Fundi hakulitia maanani, mpaka alipoingia sebuleni akasimama kama aliyepigwa na umeme.

Katikati ya sebule palikuwa na ukuta. Ukuta wa matofali, haujapigwa hata lipu, umelipasua zulia na kutokomea kwenye korido. Chini yake palikuwa na kipande cha kochi, kimekatwa kwa msumeno, sponji nje kama utumbo.

"Nani amelikata kochi hili?" fundi akauliza, sauti ikimtetemeka.

"Wewe unaona kochi tu?" mkewe akamnong'oneza. "Dada, hii nini?"

"Ah, tumegawana tu, mdogo wangu. Hatuna ugomvi."

"Mwambieni hatuna ugomvi kwa sababu hatusemezani!" sauti ya shemeji ikatoka upande wa pili.

"Na nyie mwambieni jiko ni lake, bafu ni langu, na leo hajaoga."

Mke alitafuta pa kukaa, akakalia ile nusu kochi, nayo ikainama naye. Dada akamwahi mkono huku akipanga mambo. Damu nzito kuliko maji, mdogo mtu atalala huku kwake. Shemeji naye akapaza sauti kwamba fundi ni mwanamume mwenzake, kitanda chake kiko tayari kule.

"Na mtoto?" mke akauliza.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, pande zote mbili zikasema neno moja pamoja: "Zamu."

Hata chai hawakungoja. "Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia," mke alisema pikapu ilipowaka, "na mimi nimebeba jani changa."

Wa pili alikuwa rafiki wa fundi tangu utotoni, waliyemwita Mheshimiwa kwa jinsi alivyopenda kuwatumia picha za nyumba yake ya ghorofa na maua yake. Nyumba ilikuwa ileile ya kwenye picha, hata maua yalikuwepo. Ila aliyefungua geti alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, kavaa sare ya mlinzi, kirungu kiunoni. Jasho lilikuwa likimchuruzika kwenye nyusi.

"Tumepita tu kukusalimu," mke akawahi kusema. "Una maua mazuri."

"Karibuni tena," alijibu, na geti likafungwa polepole sana.

Basi ikabaki kwa baba yake fundi. Fundi hakuwa amekanyaga huko tangu walipomzika mama yake. Mzee alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, kila akipigiwa simu alijibu, "Tupo, mwanangu. Tunaendelea." Fundi aliamini ile "tu" ni heshima ya uzee.

Kumbe "tu" ilikuwa na maana yake. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mkono mmoja kiunoni. Kabla ya sura yake, wageni waliona tumbo lake. Lilikuwa kubwa kuliko la msusi.

"Samahani," fundi alisema, "tumekosea nyumba."

"Hamjakosea," mwanamke alijibu. "Wewe ni yeye mtupu, hadi masikio." Akageuka ndani. "Baba watoto! Mambo uliyoyaficha yamefika!"

Mzee alitoka na gurudumu la baiskeli mikononi. Likamponyoka, likabingirika uani peke yake mpaka likagonga ukuta na kulala. Hakuna aliyelifuata.

"Mwanangu," mzee alisema. "Huyu ni... huyu ni mama yako mdogo."

"Tangu lini?"

"Nilitaka kukwambia. Nikishika simu, maneno yananikwama. Nikwambie nini? Kwamba baba yako na mvi zake anatarajia?"

"Ungesema hivyohivyo!" Fundi alikuwa anapiga kelele sasa, na machozi yalikuwa yakimtoka bila ruhusa. "Watu wote hapa mtaani wanajua, mimi ndiye mgeni! Mke wangu, twende. Panda gari."

"Sipandi," mke alisema. "Miguu imevimba. Nimeshachoka kushangaa, acha nishangae nimekaa."

"Mkimaliza kugombana mniambie," mama mdogo akasema kwa upole, ameshika fremu ya mlango. "Chupa imepasuka."

Fundi akatazama sakafuni kutafuta vigae. Mzee akatazama pia. Wanawake waliangaliana, na kwa pamoja wakatikisa vichwa.

Mama mdogo alikuwa mkunga kwenye zahanati ya pale. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, akatoa amri mwenyewe. Fundi alikuwa akiutafuta ufunguo alioushika mkononi, kwa hiyo msusi ndiye aliyeendesha, tumbo likigusana na usukani, mkunga kando yake akihema na kumwelekeza: kata kushoto, polepole kwenye tuta, polepole nimesema! Wanaume waliwekwa nyuma, kati ya kitanda na beseni.

"Unaogopa?" fundi alimuuliza baba yake, upepo ukiwapiga.

"Naogopa sana," mzee alisema. "Wewe ulipozaliwa nilikuwa kijana, sikujua kinachoweza kutokea. Sasa najua."

Fundi alisogea, akamshika mzee bega ili asirushwe na mashimo, na hakuliachia tena.

Zahanatini, nesi mmoja alitoka mbio na kiti cha magurudumu, akamketisha msusi. "Pumua, mama, pumua!"

"Si mimi! Yule!"

Nesi akageuka, akamwona bosi wake amejishika ukutani, akaduwaa. Kabla hajajipanga, mzee akazimia, akadondoka mlangoni, chali, pu! Wakamlaza kwenye kitanda kilichokuwa kimetandikwa, mwenye uchungu amesimama pembeni akisema, "Mwinueni miguu. Haya, sasa nipisheni na mimi."

Usiku ulikuwa umeshaingia nesi alipotoka na kifurushi. Alimfuata fundi. "Hongera, baba. Binti."

"Mimi si baba. Mimi ni kaka yake."

Nesi alimtazama usoni, akaitazama mvi moja iliyochomoza kwenye ndevu zake, kisha tumbo la msusi, kisha mzee aliyelala anakoroma. Akaona heri asiulize. Akamkabidhi tu.

Fundi alimpokea. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko mto wa kochi, uso umekunjamana, masikio yaleyale ya ukoo. "Dada," fundi akajaribu neno. Hakuwahi kulitumia kwa mtu wa damu yake. "Dada yangu, shikamoo."

Msusi alicheka mpaka akalazimika kuketi.

Fundi na mkewe walipewa chumba cha uani kwa mzee, naye akahamishia baiskeli zake kibarazani. Haikuwa peponi: fundi na baba yake waligombana mara kwa mara kuhusu nani ameacha misumari njiani, na zipo siku fundi aliikumbuka sauti ya mama yake ikiita kutoka jikoni humo, akatoka nje. Mama mdogo alimwacha atoke, wala hakumfuata.

Zamu ya msusi ilipofika, mama mdogo ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kiume, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shangazi yake, ambaye hakuwa na jino hata moja, alikuwa amelala kitanda cha jirani, akinyonya ngumi.