Turubai la Mbuke

Zuwena binti Hatibu, au Mama Zamoyoni, fundi cherehani wa Nyahanga, hakuwahi kushona gauni la mtu bila kumuuliza linakwenda harusi ya nani. Kutaka kujua huko ndiko kulikomwingiza kwenye kikundi cha Tujaribu. Walikuwa watu sita wa Kahama, wakichanga kila mwezi na kumpa mtu mmoja mwenye wazo ambalo halijawahi kujaribiwa, wala hawakumdai tena. Mshahara hakuna, na chai ya kikao unajinunulia. Mwenyekiti wao, Mzee Akida, alipotafuta mtu wa kujitolea kwenda vijijini kuyakagua mawazo hayo, Zuwena alinyoosha mkono kabla mzee hajamaliza kusema.

Kwa miaka miwili akaona mengi. Bwana mmoja wa Masumbwe alikuwa amegeuza pipa la lami kuwa mzinga wa nyuki. Mwingine alitaka kufundisha kunguru walinde mpunga. Huyo kikundi kilimnyima, na Zuwena alinuna wiki nzima, maana alitamani sana kuwaona hao kunguru.

Mwezi wa Mei mwaka 1976 likaja ombi kutoka Segese. Lilikuwa la Mbuke, yaani Mama Mageni, mwenye kundi la ngoma, na aliyemwandikia ni mwalimu wa kijiji. "Naomba shilingi mia mbili nimalizie kitu changu cha ngoma. Ni kitu gani, siwezi kusema." Halikuwa na neno jingine. Zuwena alilisoma mara tatu, na siku ile akashona mikono ya gauni la mteja nje ndani. Kesho yake alipanda lori la pamba.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma chake cha mjini, kisha akaona aende kwa njia anayoijua. "Shikamoo, Mama Mageni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mbuke alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Alimpeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Pale palikuwa na kitu chenye kimo cha mtu aliyeketi, kimefunikwa turubai na kufungwa kamba ya katani. Zuwena alikizunguka, akainama, akanusa. Kilinuka mbao mbichi na grisi.

"Kinafanya nini?"

"Kwa sasa hakifanyi kitu. Nikipata vyuma, kitafanya."

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kule analijua. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hupiga ngoma siku moja katika uwanja mmoja, huku wakitazamana. Mwamuzi hakuna, wala kombe. Watazamaji huenda wanakotaka, na atakayebaki anacheza peke yake mpaka ngoma yake ikanyamaza, ndiye aliyepigwa. Kwa hiyo kila kiongozi hutafuta kioja kipya, na hukificha hata kwa watu wa nyumbani kwake mpaka siku yenyewe.

"Mwaka jana nilikuwa na joka la mbao," Mbuke alisema. "Mtu mmoja tu alijua. Siku ya ngoma, saa nne asubuhi, Bagalu wakatoa joka lao, refu kuliko langu. Wachezaji kumi na wanane wamenihama tangu siku ile. Nikishindwa mwaka huu, kundi limekufa, na mimi nitarudi kulima tu."

Kisha akaifungua kamba, akarudi nyuma hatua mbili. "Funua. Wewe ni mkaguzi, sikukatazi. Ila nieleze kwanza, huko mjini watakuuliza ulichokiona?"

"Wataniuliza. Mkaguzi hamfichi mwanachama kitu, ndiyo kanuni yetu."

"Na Ngassa wa spea za baiskeli ni mwanachama?"

Ngassa alikuwa mweka hazina wao, mtu mwaminifu kabisa. Alikuwa pia mpiga ngoma mkuu wa Bagalu.

Alikuwa ameshika pindo la turubai. Jamani, vidole vyake vilimwasha! Kuinua kidogo tu, shubiri moja, angejua. Lakini akijua, ataulizwa; akiulizwa, atasema; na hakuwa mtu wa kudanganya kikaoni. Aliliachia pindo taratibu, akiwa na hasira na kanuni, na Ngassa, na miguu yake mwenyewe iliyokuwa ikimrudisha barabarani.

Kikaoni Mzee Akida aliuliza ameona nini.

"Turubai," alisema Zuwena.

Watu wakaangua kicheko. Ngassa hakucheka. "Mama Zamoyoni, tangu lini tunatoa fedha kwa turubai?"

"Ningelifunua, ningelazimika kukwambia kilichomo. Nimekuogopa wewe, Ngassa. Samahani, lakini ndivyo ilivyo."

Ngassa alivimba. Mzee Akida akamgeukia kwa upole. "Bwana Ngassa, ungeambiwa, ungenyamaza?"

Ngassa alikuna shingo.

"Nisingeweza," alisema mwishowe. "Mgalu ajue ya Mgika halafu anyamaze? Labda awe amekufa." Akanyoosha mkono juu. "Mpeni. Kumpiga mtu ambaye kitu chake hakijakwisha si kumpiga. Ila kama anahitaji vyuma akanunue kwingine, hata mlangoni kwangu asipite, nisije nikaona."

Wote sita wakanyoosha mikono.

Siku ya Saba Saba uwanja ulijaa tangu asubuhi, nusu huku, nusu kule. Zuwena aliwahi mstari wa mbele upande wa Mbuke, akakataa hata kwenda kunywa maji. Mchana Mbuke akalivuta turubai.

Alikuwa mama wa mbao, ameketi, amejifunga kanga halisi, anasaga nafaka kwenye jiwe. Mikono ilikwenda na kurudi kwa mnyororo wa baiskeli. Kijana mmoja akaja akicheza, amevaa kama mkwe aliyetoka kuoa, akipepesuka karibu naye. Yule mama akaacha kusaga, akageuka kumpa mgongo, kanga ikampanda usoni! Mama mkwe wa mti, na adabu zake zote za kutotazamana na mkwe! Kijana akazunguka upande wa pili. Mama akageuka tena. Uwanja ulilipuka. Wanaume wenye wakwe walishikana mabega wasianguke, na watu wa upande wa pili wakaanza kuja mbio.

Zuwena alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alipofuta machozi, akatazama kule ng'ambo. Hapakuwa na mtazamaji hata mmoja. Wachezaji wa Bagalu nao walikuwa wamekuja kuchungulia. Ngassa peke yake alikuwa akipiga ngoma, shingo kainyoosha kama mbuni, haoni ila migongo ya watu. Kuiacha ngoma hawezi, maana akiiacha wamepigwa.

Zuwena akamhurumia. Katika uwanja ule wote, mtu pekee ambaye hajui alikuwa yeye, na hali hiyo Zuwena aliijua vizuri. Akaukata uwanja mtupu mpaka mbele yake.

"Usiniambie," alisema Ngassa, akizidi kupiga. Kisha, baada ya mapigo matatu: "Ni nini?"

Akamweleza. Akaeleza kanga, mnyororo, kijana. Alipofika pale mama anapogeuka, maneno hayakumtosha, akachuchumaa chini akajifunika uso kwa mtandio, akampa mgongo.

Ngassa alishikilia, alishikilia, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu, vijiti vikamponyoka, akakaa juu ya vumbi. Ngoma ya Bagalu ikanyamaza. Kule ng'ambo walisikia ule ukimya, wakapiga vigelegele, na sauti ya Mbuke ikawapita wote.

"Umenimaliza, Mama Zamoyoni," alisema Ngassa huku akijifuta macho. "Hebu rudia hapo anapogeuka."